Nchi ikimkabidhi mtuhumiwa kwa nchi inayoua, mikono yake inabaki safi? Tuanze na kesi ya bomu la hapa hapa Dar

Mpigambizi wa Kigamboni:

Wakuu habari za mchana. Uzi mrefu huu, mwenye haraka aende akale kwanza ndo arudi.

Kuna ubishi umewaka kijiweni kwetu hapa Feri. Jamaa mmoja anasema nchi ikiombwa mtuhumiwa itoe tu, akifika huko wakamnyonga wakamchoma sindano hiyo ni shauri yao wenye kesi, sisi tumetimiza mkataba tumemaliza. Mwingine anasema hata awe muuaji wa namna gani humpeleki mtu mahali unapojua kabisa anaenda kuuawa. Wanabishana kama vile haya ni mambo ya Wazungu, nikawauliza hivi nyie mnajua kesi kubwa ya Afrika kwenye hii kitu ni ya Mtanzania, tena inatokana na bomu la Oysterbay? Kimya. Ndo nikasema nije niiweke huku.

Tarehe 7 Agosti 1998, Ijumaa, kesho yake Nanenane. Ubalozi wa Marekani ulipigwa bomu hapa Dar, watu 11 wakafa na majeruhi 85, Nairobi muda huo huo walikufa 213. Hapa Dar katika waliokufa hakuna Mmarekani hata mmoja.

Mmoja wa watuhumiwa ni Khalfan Khamis Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar, ndo alikuwa amepanga ile nyumba ya Ilala bomu lilipotengenezewa. Baada ya tukio akatokomea, akaibukia Cape Town kwa jina lingine kabisa, akaomba hifadhi ya ukimbizi akapewa kibali cha muda, maisha yakaendelea akawa anafanya kazi kwenye mgahawa wa baga. FBI kumbe wanapekua mafaili ya walioomba hifadhi, wakaiona picha yake. Oktoba 1999 jamaa kaenda zake ofisi za mambo ya ndani kuongeza muda wa kibali kama kawaida, na karatasi zake mkononi, akadakwa pale pale. Hazikupita siku mbili yuko kwenye ndege ya Wamarekani kuelekea New York. Hakupelekwa kwa hakimu wala hakukuwa na ombi la kumrejesha mhalifu, serikali ya Afrika Kusini ilisema tu tumemfukuza mhamiaji haramu. Wakati huo Afrika Kusini yenyewe ilishafuta adhabu ya kifo tangu 1995 na huko alikopelekwa anakabiliwa na mashtaka yenye kifo.

Mawakili wakaenda Mahakama ya Katiba kule Johannesburg. Hukumu ikatoka 28 Mei 2001 na ilikuwa kali. Mahakama ikasema serikali haikuwa na haki ya kumtoa mtu huyu bila kwanza kupata ahadi ya Wamarekani kwamba hatahukumiwa kifo, na kama akihukumiwa hatauawa. Uite kufukuza, uite kurejesha, uite kukabidhi, jina halibadilishi kitu, wewe ndo uliyemshika na wewe ndo uliyemtoa. Alafu wakasema hata hiyo hoja ya kufukuza haisimami, mhamiaji haramu anarudishwa kwao, na kwao ni Tanzania siyo Marekani.

Msimamo wangu naweka wazi mapema watu wasije kunizunguka. Nchi yenye mtu mkononi ina nafasi moja tu ya kuuliza ataenda kufanywa nini, na ni kabla mlango wa ndege haujafungwa. Ikipita hapo hata ukiandika barua mia huna lako. Kwa hiyo anayesema "sisi tumetimiza mkataba tu" anakwepa swali.

kichwa_ngumu:

Naweka kambi hapa. Ila mkuu na watu 11 waliokufa nani aliwaulizia? Hizi haki za binadamu huwa zinawaona watuhumiwa tu.

Mzee wa Namanga:

Mimi siku ile nilikuwa dukani Namanga hapo Msasani. Asubuhi hiyo mtikisiko nilidhani mtungi wa gesi umelipuka duka la jirani, chupa za soda zilidondoka kwenye shelfu, tukatoka nje tunaona moshi upande wa Oysterbay. Watu wakawa wanakimbilia huko huko kwenye moshi, ndo sisi Waswahili. Kwa hiyo kijana ukiniambia mambo ya mtu aliyeshiriki hiyo kitu apewe ahadi kwamba hatauawa, nitakusikiliza lakini usitegemee nikupigie makofi.

Bint Magomeni:

Pole mzee wangu. Shikamoo.

Mpigambizi swali, mahakama ilitoa hukumu Mei 2001 mtu ameshapelekwa toka 1999. Sasa hiyo hukumu ilisaidia nini? Si ndo ile barua mia uliyosema?

Mpigambizi wa Kigamboni:

Bint Magomeni swali zuri na ndo utamu wa kesi ulipo.

Hukumu 28 Mei. Kesho yake tarehe 29 baraza la wazee wa mahakama kule New York linawatia hatiani watuhumiwa wote wanne. Yaani siku moja tu. Alafu 11 Juni serikali ya Marekani ikamuua Timothy McVeigh wa bomu la Oklahoma kwa sindano, serikali kuu yao ilikuwa haijaua mtu tangu 1963. Kwa hiyo usidhani kifo kilikuwa cha kwenye makaratasi, mashine ndo kwanza imewashwa. Mahakama ya Katiba ilikuwa imeagiza nakala ya hukumu itumwe haraka kwa mahakama ya New York. Julai wale wazee 12 wakakaa kuamua afe au asife, na kwa sheria yao kwenye kifo lazima wote 12 wakubaliane. Hawakukubaliana. Tarehe 18 Oktoba 2001 akapewa maisha bila kutoka, na hapo ni wiki tano na kidogo baada ya Septemba 11, mji ule ule. Siwezi kusema hukumu ya Johannesburg ndo ilimwokoa, watu 12 kila mmoja ana moyo wake.

Ila kuna kitu kingine kwenye faili hilo hilo kinachonikera mpaka leo. Mtuhumiwa mwenzake, Mamdouh Mahmud Salim, alikamatwa Ujerumani 1998. Wajerumani walimtoa kwa Wamarekani, lakini kwanza walidai ahadi kwamba hatauawa na wakapewa. Njama ileile, nchi inayoomba ileile. Tofauti ni kwamba mmoja alikamatwa na watu waliouliza na mwingine alikamatwa na watu wasiouliza. Sasa mtu aniambie hiyo ni haki au ni bahati nasibu.

Mzee wa Namanga shikamoo, na nakuelewa. Lakini hakuna aliyeachiwa. Ahadi maana yake siyo msamaha, mtu anaenda, anashtakiwa, anafungwa, kinachotolewa mezani ni kitanzi tu.

Mzee wa Namanga:

Marahaba. Hapo sawa, kama anaoza jela mimi sina neno. Wasije tu wakamtoa baada ya miaka kumi.

kichwa_ngumu:

Sasa si ndo hapo! Ahadi ikitolewa mtu anapewa maisha, baada ya muda parole, anaachiwa kabla kifungo hakijaisha, yuko nje anauza vitabu vya maisha yake.

Wakili wa Mchongo:

Nimepita kimya kimya ila kichwa_ngumu umenivuta shati.

Kesi unayoitafuta ipo, ni Soering. Jens Soering kijana wa Kijerumani, wazazi wa mpenzi wake waliuawa Virginia 1985, wao wakakimbia wakakamatwa Uingereza 1986. Marekani wakamwomba. Waingereza wakauliza vipi mtamuua? Mwendesha mashtaka wa kule akatoa ahadi ya kitoto kabisa, kwamba wakati wa hukumu jaji ataelezwa kwamba Uingereza isingependa kifo kitolewe. Hiyo ndo ahadi jamani, "tutamwambia jaji kuwa hamjapenda". Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu Strasbourg ikasema 7 Julai 1989 kwamba hapana, mkimpeleka hivyo mtakuwa mmevunja katazo la mateso. Na angalieni, hawakusema adhabu ya kifo yenyewe ndo mateso, walisema ule muda wa kusubiri. Virginia wakati huo mtu alikuwa anakaa miaka 6 hadi 8 akisubiri siku yake, umri wake, hali yake ya akili, vyote wakavipima. Baada ya hapo Marekani wakatoa ahadi ya maana kwamba hatashtakiwa kwa kosa lenye kifo, 1990 akapelekwa, akala vifungo viwili vya maisha. Alitoka kwa parole mwishoni mwa 2019 akarudishwa Ujerumani. Kwa hiyo hayo ya kutoka ni kweli yanatokea, baada ya miaka zaidi ya 30 ndani. Alafu Virginia yenyewe imefuta adhabu ya kifo 2021.

Somo la kisheria hapo (silipishi leo) ni kwamba ahadi zina daraja. Ahadi ya mtu asiye na mamlaka ya kuitimiza ni hewa.

Sinza Kijiweni:

Sa nyie mnaongelea Marekani, ambao wana magereza na mahakama zinazosikilizana. Mchina je? Mchina akikwambia hatumuui unaamini?

Wakili wa Mchongo:

Kanada waliamini. Lai Changxing, jamaa wa magendo makubwa ya Xiamen, alikimbilia Kanada 1999, akapambana mahakamani miaka kumi na zaidi. China wakatoa ahadi kwamba hatauawa, Kanada wakamrudisha Julai 2011, mwaka uliofuata akapewa maisha. Ahadi ilitimizwa. Siyo kwa sababu Mchina ana huruma, ni kwa sababu ana watu wengine anaowataka huko nje na akivunja moja hapewi tena hata mmoja.

Chuga Boy:

Nyie watu wa Dar mnaruka mpaka China mnaacha Arusha hapa!!

Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa kwetu hapa AICC, kwenye kile kituo cha mikutano, mjini watu walishazoea misafara yake. Kesi zikawa nyingi muda unaisha, wakataka kuhamishia nyingine Rwanda. Shida ikawa moja kubwa, Rwanda ina adhabu ya kifo, na wale waliohukumiwa Arusha, hata wakubwa wa serikali, adhabu ya juu ilikuwa maisha. Sasa mkubwa apate maisha Arusha alafu aliyekuwa chini yake akanyongwe Kigali? Na Rwanda siyo nchi ya mzaha kwenye hilo, Aprili 1998 waliwapiga risasi watu 22 hadharani kwa siku moja kwa kesi za mauaji ya kimbari. Lakini 2007 wakafuta adhabu ya kifo. Wakatunga sheria ya uhamisho kwanza, alafu wakafuta kabisa kwa kila mtu. Mtuhumiwa wa kwanza kutoka Arusha kuhamishiwa kule alipelekwa 2012, mchungaji.

Yani nchi iliyouliwa watu wake karibu milioni ilikubali kuacha kifo ili iwapate watuhumiwa. Mnisaidie hapo, ile hoja ya "marehemu nani anawaulizia" inaingia wapi? Rwanda ndo wenye marehemu.

Bint Magomeni:

Chuga Boy umenena. Hii sikuwahi kuifikiria hivyo.

kichwa_ngumu:

Rwanda walifanya siasa, walitaka watu wao warudishwe na Ulaya nako. Siyo moyo.

Chuga Boy:

Nani kasema moyo? Nimesema walikubali. Wewe unataka wawe wamelia machozi?

kichwa_ngumu:

Haya turudi kwenye hoja. Mimi naleta mfano nyie muujibu. Botswana. Wananyonga kweli kweli wale, siyo hadithi. Mtu anaua mwanamke wake Botswana, anavuka mpaka, anaingia Afrika Kusini. Botswana wanaomba. Afrika Kusini wanasema toeni ahadi. Botswana wanasema hatutoi, sheria yetu ndo hiyo. 2012 Mahakama ya Katiba ile ile mnayoisifia ikasema basi haendi. Sasa yule mama aliyefiwa na binti yake Botswana anaambiwaje? Kwamba muuaji yuko ng'ambo ya mpaka kilomita chache na hakuna kesi?

Mpigambizi wa Kigamboni:

Kichwa leo umekuja na vitabu aisee, na huo mfano ni mgumu kweli, siwezi kuupita kwa kuruka.

Kwanza ni kweli, ndivyo ilivyokuwa. Na mimi nakubali hapo kuna mtu anaumia ambaye hana kosa lolote, mama wa marehemu. Ila jiulize nani kafunga mlango. Afrika Kusini hawakusema hatumtoi, walisema tutamtoa leo hii mkituambia hamtamnyonga. Botswana walikuwa na uchaguzi kati ya kumpata mtu wao wamfunge maisha au kutompata kabisa, wakachagua kitanzi kuliko kesi. Ni kama mtu anakurudishia ng'ombe wako aliyeibiwa kwa sharti usimchinje leo, wewe unamwambia basi kaa naye. Na wale majaji walisema pia kwamba Afrika Kusini inaweza kutunga sheria ya kuwashtaki watu kama hao pale pale kwake. Hilo ndo lilitakiwa lifanyike haraka na hapo serikali yao naiona na hatia, huwezi ukasema sitoi alafu ukakunja mikono.

Sinza Kijiweni:

Kwani hapa Afrika Mashariki watu si wanabebwa tu usiku kwenye buti? Mahakama gani.

Wakili wa Mchongo:

Sinza unatania ila uko karibu na ukweli. Bomu la Kampala Julai 2010, wale waliokuwa wanaangalia fainali ya Kombe la Dunia. Baadhi ya Wakenya walivushwa mpaka Uganda bila kufuata utaratibu wa Kenya, mpaka jaji wa Mahakama Kuu Nairobi akasema kitendo kile ni kinyume cha sheria, lakini mtu ameshafika gereza la Luzira, utafanyaje. Uganda ina adhabu ya kifo. Hakuna aliyeuliza kitu. Bahati 2016 jaji hakutoa kifo, watano walipewa maisha na wengine vifungo virefu. Narudia neno, bahati.

Ndo maana mimi hofu yangu haiko kwenye ile njia ya Mahakama ya Kisutu ambako kuna hakimu na wakili na faili. Hofu yangu ni hii njia ya pembeni. Khalfan Khamis alitoka kwa njia ya pembeni, Wakenya wale hivyo hivyo. Hata Mexico Februari 2025 walitoa wakubwa 29 wa magenge ya dawa za kulevya kwa mkupuo mmoja kwenda Marekani, na hawakuiita kurejesha wahalifu, maana kwenye mkataba wao ingebidi wadai ahadi ya kutouawa. Ukikwepa karatasi unakwepa na swali. Wamarekani walikuja kusema baadaye kwamba wakubwa wawili watatu hawataombewa kifo, lakini hiyo ni hiari yao, wangeamua vingine hakuna wa kuwashika.

Bint Magomeni:

Sasa naomba mtu anijibu la kwetu. Wale watuhumiwa watatu wa dawa za kulevya waliosafirishwa kwenda Marekani 2017, sisi tuliuliza?

Wakili wa Mchongo:

Ile ilikuwa kesi ya unga dada yangu, kwa kawaida mashtaka yale adhabu yake ni kifungo. Suala la kifo halikuwa kiini.

Suala la kifo litakuwa kiini siku tukiwa sisi ndo tunaomba.

Mpigambizi wa Kigamboni:

Asante, hapo hapo ndo nilitaka tufike, nilikuwa nasubiri mtu aguse.

Wakuu chukulia mtu kaua hapa Mbagala, kakimbilia Durban. Bongo tunamwomba. Afrika Kusini kwa hukumu za 2001 na 2012 lazima watuulize mtamnyonga? Tutajibu nini? Kanuni ya Adhabu kifungu cha 197 ukishatiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia jaji hana chaguo, ni kunyongwa hadi kufa, basi. Hata kama jaji mwenyewe roho inamuuma. Sasa DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, anaahidi nini wakati jaji mwenyewe hana mamlaka ya kutoa kingine? Si inakuwa ile ahadi ya Virginia, tena ya kwao ina nafuu maana jaji wao alikuwa na chaguo.

Na kichekesho ni kwamba hatunyongi. Tangu katikati ya miaka ya 90 hakuna aliyenyongwa. Magufuli 2017 siku anamwapisha Jaji Mkuu alisema wazi kwamba yeye asipelekewe hayo majina asaini. Kwa hiyo tuna adhabu ambayo hatuitumii, lakini inatosha kutunyima mtu wetu. Watu wanakaa magereza ya Isanga na Ukonga wanasubiri kitu ambacho hakiji na hakifutwi, na hapo mkumbuke Strasbourg walisema nini kuhusu kusubiri.

Wakili wa Mchongo:

Umepiga penyewe, ila niongeze nyama.

Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu 1994 alishasema adhabu ya kifo inavunja Katiba, Mahakama ya Rufani ikamgeuza 1995. Alafu 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika, iko hapo hapo kwa Chuga Boy, ikasema hili la kumlazimisha jaji linakiuka haki ya kuishi, Tanzania ibadili sheria. Mwezi huo huo Tanzania ikawa imetoa taarifa ya kuondoa tamko linaloruhusu mtu binafsi kwenda kushtaki pale moja kwa moja. Mtu asome mwenyewe anavyotaka.

Kuhusu DPP ataahidi nini, njia ziko mbili ninazoziona. Moja amshtaki kwa kuua bila kukusudia, hapo ukomo ni maisha na jaji yuko huru. Lakini kama mtu alikusudia kweli, unashusha kosa ili umpate, familia ya marehemu itakuelewa? Ya pili ni Ibara ya 45 ya Katiba, msamaha wa Rais, anaweza kubadili kunyongwa kuwa kifungo. Ahadi ikitoka kwa Rais mwenyewe kwa maandishi, kwamba ikitokea hukumu ya kifo nitaibadili, hiyo ni ahadi yenye meno maana ndiye mwenye kalamu.

kichwa_ngumu:

Rais aahidi kumsamehe mtu ambaye hata kesi haijaanza? Haiwezekani kisiasa hiyo. Magazeti ya asubuhi utayaonaje.

Wakili wa Mchongo:

Siyo kumsamehe, kumbadilishia. Ila nakubali kichwa cha habari kitaandikwa "asamehewa".

Mzee wa Namanga:

Sasa si mfute tu hicho kifungu muwaachie majaji waamue wenyewe? Mimi sijasoma sheria lakini naona mnazunguka mbuyu. Jaji akiona mtu anastahili kamba ampe, akiona maisha ampe. Hapo huyo DPP atakuwa na kitu cha kuahidi akiulizwa na Wasauzi.

Mpigambizi wa Kigamboni:

Mzee umemaliza kwa mistari mitatu kitu ambacho mimi nimekizungukia tangu mchana. Kenya mahakama yao ya juu ilishasema hivyo hivyo Desemba 2017, Uganda 2009. Kwa ukanda huu tumebaki nyuma.

kichwa_ngumu bado nina deni lako la mama wa Botswana, sijakujibu vya kutosha, nikitoka kuvua nitarudi na maelezo ya kwa nini nadhani kushtaki pale pale alipokamatiwa kunawezekana kuliko watu wanavyodhani. Na mashahidi watavukaje mpaka, najua utauliza.

kichwa_ngumu:

Nitauliza. Na gharama nani analipa.